Mpira wa Kwanza wa Sikudhani

Kungwi hakuwa na mwili, lakini mdomo alikuwa nao. Alikaa ndani ya soksi ndefu ya kijivu iliyovaliwa kuanzia vidoleni hadi begani, na ndani ya soksi hiyo zilisukwa nyuzisikizi, nyembamba kuliko utando wa buibui, zenye kazi moja tu: kusikiliza jinsi kano za mkono zinavyolalamika kabla mwenye mkono hajasikia maumivu. Sikudhani akarusha mpira. Ukafika kwa mdakaji na kulia kama kofi la mama mkwe. Kungwi akasema, kwa sauti ya shangazi mwenye subira:

"Inatosha, mwanangu. Mkono umeshiba."

"Bado nina nguvu, Kungwi."

"Nguvu unazo wewe. Mimi nausemea mkono."

Hapo soksi ikakaza kiwikoni, na Sikudhani asingeweza kurusha tena hata kijiti cha kumfukuza kuku.

Aliyemtengeneza Kungwi alikuwa kwenye benchi pembeni, anatafuna karanga. Huyo ni mhandisi Chausiku Mkude, Mluguru, ambaye miaka sabini ilimpita siku nyingi bila kupiga hodi. Jina la mtambo alilitoa yeye. Alisema kazi ni ileile, kumweka msichana ndani na kumwambia mambo asiyotaka kuyasikia.

Morogoro ya wakati huo ilikuwa imebadilika. Treni za sumaku zilikwea milima ya Uluguru kimya kimya kama mwizi wa ndizi, na kandanda ilikuwa imebakiwa na wazee. Vijana waliishika besiboli, mchezo ambao mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, na wengine wanasimama wakisubiri maisha yao yaanze. Mechi ina vipindi tisa. Anayerusha tangu kipindi cha kwanza huitwa mwanzishaji, na anayeingizwa mwishoni kuja kuokoa jahazi huitwa mfungaji.

Sikudhani alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mpigaji mjini aliyeuona mpira wake vizuri. Wengi waliusikia tu ukipita. Kwa hiyo mji mzima uligombana. Aanze au afunge? Kwa wauza kahawa watu walinuniana, na yupo mke aliyerudi kwao Matombo akisema hawezi kulala na mtu anayetaka Sikudhani aanze. Kungwi ndiye aliyekata shauri. Mkono huu, alisema, una moto mkali na kuni chache. Utarusha mara moja kwa siku, kwa muda mfupi. Ukishapoa usipashwe tena siku hiyo, maana mkono si kiporo. Basi Sikudhani akafanywa mfungaji, timu ikashinda na kushinda, mpaka ikafika fainali.

Wiki ya fainali Sikudhani alimfuata Chausiku nyumbani, akamkuta anajichana nywele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa haupandi kupita kifua. Zamani, kabla Kungwi hajazaliwa, Chausiku mwenyewe alikuwa mrushaji. Alianza mechi akamaliza mechi, watu wakamwimba, mpaka siku moja juu ya kichuguu, kile kituta cha udongo anaposimama mrushaji, mkono ukalia kama tawi kavu. Waliomwimba walirudi nyumbani kula. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na ikishapasuka hakuna anayeibeba. Kungwi alitoka kwenye maumivu hayo, na tangu atoke hakuna binti mjini aliyechanika mkono.

"Shikamoo, Bibi Chausiku."

"Marahaba. Sema, maana shikamoo yako ina mkia."

"Fainali nataka kuanza."

"Mwambie Kungwi."

"Nimemwambia. Amekubali nianze kama sitafunga. Kocha ndiye hataki." Sikudhani akakaa mkekani. "Bibi, mechi inaanza saa kumi alasiri. Mimi naingizwa magharibi. Bibi Mwamvua hajawahi kuniona."

Chausiku akaweka chanuo chini.

Bibi Mwamvua alikuwa nyanya wa Sikudhani aliyemlea, na shoga wa Chausiku tangu wote wawili hawajaota meno ya mbele. Dawa za siku hizo zilikuwa zimetengeneza figo, macho, hata magoti, lakini kusahau kulizishinda. Akili ya Mwamvua sasa ilikuwa kama ofisi ya serikali. Ilifunguliwa asubuhi, ikachangamka mchana, na jua likielekea nyuma ya mlima Mindu ilifungwa, hata uwe na shida gani. Alikuja kila mechi. Kila mechi, Sikudhani alipopanda kichuguu, Mwamvua alikuwa akiwauliza walioketi karibu naye yule mtoto ni wa nani, na mbona amechelewa kuja kazini.

"Yeye ndiye aliyenifundisha," Sikudhani akasema. "Daktari anasema hata mchana unapungua. Si Kungwi ni wako? Mwambie asiukubali mkono magharibi. Kocha atakosa la kufanya."

"Nikimfundisha uongo leo kwa ajili yako, kesho atamdanganya mwenzio, na huyo atakuja kuchana nywele kama mimi. Sitaki."

Binti akaanza kuchokoa ukindu wa mkeka. Chausiku akamtazama vidole, akaviona vya mtu mwingine.

Akauona mchanga wa Kichangani, mtaa wa utoto wao. Akaona wasichana wamejipanga wanacheza rede, mpira wa soksi kuukuu zilizoshindiliwa matambara, mmoja katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na Mwamvua upande wa pili, kanga kiunoni, kamasi puani, anajipangusa nyusi kwa kidole gumba, kisha anarusha kwa chini, ubavuni, kama anayeokota kitu. Chupa ya Chausiku haikujaa hata siku moja. Jioni mama zao waliita, na Mwamvua alijibu, "Bado mmoja." Mmoja huyo alikuwa Chausiku kila siku, na kila siku alipigwa mgongoni.

Jioni hiyo Chausiku alikwenda kwa kocha Mihayo. Mihayo alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wake, na baina yao salamu ilikuwa ni tusi.

"Karibu, Mluguru. Sakafu yangu imenyooka, usianguke, mguu wenu mmoja ni mfupi kwa kuishi mlimani."

"Ahsante, mpagazi. Naona leo hujabebeshwa kitu."

Akamweleza. Mihayo alicheka mwanzoni, kisha hakucheka. "Mtani, nakuelewa. Lakini huyu mtoto akianza, hafungi. Mtambo wako mwenyewe ndio unasema. Nikimwanzisha tukafungwa, nitasema nini? Kwamba nilimtoa mfungaji wangu ili bibi mmoja apate kuona? Watanichoma na soksi zangu."

"Kwa hiyo shida yako ni la kusema."

"Ndiyo hiyo hasa."

"Haya," akasema Chausiku, akamchomolea karanga zake mezani, akaondoka nazo.

Siku ya fainali uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Angani walielea ndege-waamuzi, vidude vya ukubwa wa sinia, vyenye macho sita na visivyo na mzaha hata chembe. Mwamvua aliketi safu ya mbele, amevaa kanga mpya, akili iko wazi kabisa. Alishamwambia jirani yake kwamba kofia ile inamfanya afanane na mbuzi ya kukunia nazi. Mrushaji aliyepangwa kuanza akaanza kutembea kuelekea kichuguuni.

Akakuta kimelaliwa.

Mhandisi Chausiku Mkude alikuwa amejinyoosha pale juu chali, kanga usoni, mikono kifuani, kama maiti iliyojiosha yenyewe.

Ndege-mwamuzi akashuka. "Mtazamaji, ondoka uwanjani. Kanuni ya tatu."

"Mimi si mtazamaji. Mimi ni mtani."

Mwamuzi akatafuta neno hilo katika kanuni zake, akazunguka mara mbili, akalikosa. Roboti walinzi wakaja, lakini walitengenezwa wasimguse mzee bila ridhaa yake, na ridhaa hakuwa nayo. Watu jukwaani ndio walielewa kwanza. Kicheko kikaanzia upande wa wazee kikashuka mpaka kwa watoto. Kila mmoja alishawahi kumwona mtani akilala kaburini msibani, azuie maziko mpaka alipwe, na kila mmoja alijua hakuna wa kumtoa isipokuwa mtani mwenziwe, na hawezi kumtoa kwa nguvu.

Mihayo akaja, mikono kiunoni. "Umekufa lini, mtani?"

"Hapahapa, miaka arobaini iliyopita. Mlisahau kunizika."

Mihayo akaangalia chini. Alikuwepo siku ile. Alikuwa mdakaji wake. "Unataka nini? Nikupe kuku?"

"Kuku wenu wamekondeana. Nataka Sikudhani arushe kipindi cha kwanza."

"Na cha mwisho arushe nani? Wewe?"

"Cha mwisho ni shida ya mwisho."

Mihayo akageuka kuwatazama watu, maelfu ya watu, akaona wanamsubiri kama wanavyosubiriwa wafiwa watoe chochote mazishi yaendelee. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtani ameziba kaburi. Mimi nifanyeje?" Na mji mzima ukamjibu kwamba hana la kufanya, alipe.

Akalipa.

Sikudhani akapanda. Jua lilikuwa bado juu ya Mindu. Akajipangusa nyusi kwa kidole gumba, akainama ubavuni kama anayeokota kitu, akarusha. Mpigaji alisukuma gongo baada ya mpira kupita, kwa adabu tu.

Safu ya mbele, Mwamvua akasimama.

"Yule ni Sikudhani wangu," akawaambia watu wote wasiomuuliza. "Mkono ule ni wangu. Mmeuona? Nimeupata Kichangani." Kisha akapaza sauti, "Mtoe huyo, mama. Bado mmoja."

Sikudhani aliisikia. Wapigaji watatu walikuja, wapigaji watatu walirudi kuketi. Chausiku, akiwa amesimama pembeni na mchanga mgongoni, hakuwa ametazama mpira hata mmoja. Alikuwa akimtazama Mwamvua.

Soksi ikakaza. "Inatosha, mwanangu," Kungwi akasema. "Mkono umeshiba." Safari hii Sikudhani hakubisha.

Kilichofuata hakina utamu wa kusimulia. Timu iliongoza mpaka taa zilipowashwa. Kipindi cha tisa aliingizwa mfungaji mwingine, binti mzuri mwenye moyo mzuri na mpira mzito, ukapigwa ukavuka ukuta, na huenda mpaka leo haujatua. Kombe likapanda treni kwenda kwa wenyewe.

Mihayo alimpita Chausiku mlangoni. "Umekula kombe, mtani."

"Nimekula. Chumvi ilipungua kidogo."

"Ukifa kweli nitakuja kulala mimi," akasema Mihayo. "Na sitatoka kwa kuku."

Jukwaa lilikuwa tupu. Sikudhani alimkuta bibi yake bado ameketi, kanga imefunguka, macho yanahesabu taa kana kwamba kila moja ni mgeni. Ofisi ilikuwa imefungwa. Akaketi karibu naye. Chausiku akaketi upande wa pili.

Mwamvua ndiye aliyeuchukua mkono wa Sikudhani, akauvua soksi taratibu kama anayemenya ndizi, akaupapasa kiwiko, kiganja, vidole.

"Binti, wewe ni mrushaji."

"Ndiyo, bibi."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu."

Mwamvua akatikisa kichwa kwa heshima, heshima ya fundi kwa fundi. Kidole gumba chake kikapanda chenyewe kikapangusa nyusi.

"Alijua kurusha huyo," akasema. "Kama yu hai, mwambie aje Kichangani kesho, kabla jua halijawa kali. Nina shoga yangu hapa wa kumweka katikati." Akamgusa Chausiku begani, bila kugeuka kumtazama. "Huyu chupa yake haijai."