Watoto Hawahesabiwi

Kila asubuhi Watiri alianza siku kwa kutafuta kiatu ambacho si chake. Kilikuwa cha Mburu, mdogo wake wa miaka minne, ambaye alijua sana kuvua viatu lakini hakujua vinakokwenda baada ya hapo. Mama yao alikuwa ameshatoka mapema kwenda kibarua katika mashamba ya kabeji karibu na Endarasha, na huko watoto hawakuruhusiwa kwa sababu ya dawa inayopuliziwa mimea. Baba yao alikuwa mlinzi kwenye ranchi moja mbali, upande wa Doldol, na alikuja nyumbani mara moja moja. Kwa hiyo Mburu alikuwa wa Watiri. Alimvisha, akampa chai na kiazi kilichobaki jana, akambeba pale njia ilipokuwa na tope, wakaenda shuleni wote wawili, mmoja kusoma na mwingine kusumbua.

Watiri alikuwa gredi ya sita. Mburu hakuwa gredi yoyote. Shule yao ilikuwa na chumba cha chekechea, tena kizuri, chenye picha za ng'ombe na magari ukutani, lakini mlango ulikuwa na kufuli. Zamani alikuwako Mwalimu Magdaline, aliyeajiriwa na wazazi wenyewe. Bei ya kabeji ilipoanguka, wazazi wakashindwa kumlipa. Alivumilia muhula mzima kwa moyo wake tu, kisha akaenda Nanyuki, akapata kazi hotelini. Hakuna aliyemlaumu, maana mwalimu naye anahitaji kula. Lakini watoto walimkosa vibaya, na Watiri alimkosa Magdaline pamoja na kile chumba.

Darasani Mburu alikaa chini ya dawati la dada yake. Kwa muda alitulia. Kisha aliimba, au alitaka kwenda msalani, au alimvuta mtu soksi. Walimu wa shule hiyo walikuwa wachache, na hesabu za gredi ya sita zilifundishwa na mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Wambugu, mtu mpole aliyechoka.

"Watiri, mtoe nje kidogo," alikuwa akisema.

Hiyo "kidogo" ilikwenda mpaka kengele ilie. Watiri alisimama chini ya dirisha, Mburu akichimba udongo miguuni pake, akasikiliza wenzake wakigawanya sehemu kwa sehemu. Sauti ilifika, lakini ubao hakuuona. Alitamani kuwa ndani. Alitamani sana, mpaka wakati mwingine alijikuta ameweka kiganja ukutani, akingoja tu mwalimu aseme jina lake.

Jioni moja Mama alirudi, akavua gambuti zake mlangoni, akakaa bila kuomba chai.

"Watiri, nimefikiria," alisema. "Labda upumzike shule mpaka Mburu aingie gredi ya kwanza."

"Hiyo ni miaka miwili, Mama."

"Najua." Mama hakumtazama. "Hata ukienda unasomea dirishani. Kama ile nasari ya shuleni kwenu ingekuwa wazi, singesema hivi. Wacha muhula huu uishe, tuone."

Watiri alikwenda kuosha sufuria. Aliiosha ikatakata, akaiosha tena.

Basi unaweza kujua alivyofurahi wiki iliyofuata, Mwalimu Wambugu alipotangaza kwamba kaunti ilikuwa ikiajiri walimu wa chekechea. Walimu hao wangepelekwa mahali penye watoto wa kutosha. Kwanza lazima ijulikane ni watoto wangapi wadogo walioko nyumbani. Mwalimu aliwatuma wanafunzi wakubwa wakaulize nyumba kwa nyumba, na Watiri akapewa upande wa juu, karibu na msitu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya nyanya mmoja aliyeitwa Shosho Wamucii. Wanawe walifanya kazi Nyeri mjini na Nanyuki, na watoto wao waliachiwa yeye. Uani kwake watoto walijaa tele, mmoja juu ya gunia, mwingine chini ya meza, wengine wakimfukuza kuku.

"Shosho, habari ya jioni," Watiri alisema. "Mwalimu anauliza, uko na watoto wadogo wangapi hapa?"

Shosho Wamucii aliacha kumenya viazi. "Ati wangapi?"

"Wale wa umri wa nasari."

"Watoto hawahesabiwi, mami. Ukihesabu watoto unawaitia mabaya. Mwambie mwalimu wako Mungu amenipa wa kunitosha."

Watiri alijaribu nyumba ya pili, akasikia hayo hayo. Kwenye nyumba ya tatu aliambiwa "wachache tu," ingawa aliona nguo ndogo zimejaa kwenye kamba kutoka mti hadi mti. Wazee wa huko ndivyo walivyolelewa. Hata mbuzi hawakupenda kuwahesabu kwa kidole, sembuse wajukuu. Naye Watiri alilelewa asibishane na shosho wa mtu yeyote. Alipewa viazi vya kuchoma, akashukuru, akarudi na Mburu amelala mgongoni.

Kesho yake Mwalimu Wambugu alimwita. "Upande wa juu ni wangapi?"

"Ni kama kumi, Mwalimu."

"Ni kama kumi, au ni kumi?"

"Ni kumi," Watiri alisema, akitazama vumbi la chaki kwenye mkono wa koti la mwalimu.

Afisa wa elimu kutoka kaunti alifika siku chache baadaye. Aliitwa Bi. Wakiuru, mama aliyevaa sweta nzito na viatu vya kutembelea kwenye tope. Walizungumza na Mwalimu Wambugu ofisini. Watiri alikuwa nje na Mburu, mahali pake pa siku zote, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi.

"Kwa idadi hii itakuwa vigumu, Mwalimu," alisikia afisa akisema. "Kuna shule zenye watoto wengi zaidi zinangoja. Hawa wachache wataambiwa waende Endarasha."

"Endarasha ni mbali kwa mtoto wa miaka minne."

"Najua ni mbali. Nitarudi Ijumaa ijayo kabla hatujaamua. Kama kuna wengine, nionyesheni. Msiniambie tu, nionyesheni."

Watiri alisikia yote. Alijua ile kumi ilitoka wapi. Haikutoka kwenye nyumba yoyote, ilitoka kichwani mwake. Alimwangalia Mburu akitengeneza gari la udongo, akaona miaka miwili ya kukaa nyumbani, na kosa ni lake. Gari la afisa lilipoondoka, aliingia ofisini kabla ujasiri haujamtoroka.

"Mwalimu, ile kumi niliikisia."

Mwalimu Wambugu aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

"Mashosho walikataa. Walisema watoto hawahesabiwi. Niliona aibu kurudi bila kitu."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Mama yangu pia hakutuhesabu hata siku moja. Jioni alituita kwa majina, mmoja mmoja, na asiyeitika alitafutwa." Akamtazama. "Lakini Watiri, hukuniambia walikataa. Ungeniambia hivyo, ningejua kwamba sijui, nami ningetafuta njia. Kumi yako ilinifanya nidhani najua, nikaipeleka kaunti."

"Pole, Mwalimu."

"Rudi huko. Safari hii ukikosa, njoo uniambie umekosa."

Alikwenda jioni ile ile. Shosho Wamucii alikuwa ameepua sufuria kubwa ya uji, na juu ya ukuta mfupi wa jikoni alikuwa akipanga vikombe vya plastiki.

"Lynn, lete kile cha kijani. Bado viwili," alisema. "Na kile cha Nderitu kiko wapi? Hivi havijatosha."

Watiri alisimama akimtazama. Mwanamke huyu, aliyekataa kabisa kuhesabu, alikuwa akihesabu vizuri sana.

"Shosho," alisema taratibu, "leo sikuulizi juu ya watoto. Nauliza vikombe. Nasari ikifunguliwa, wadogo watakunywa uji shuleni. Kutoka hapa vitakwenda vikombe vingapi?"

Shosho Wamucii alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe ni mjanja. Nani amekufundisha hayo?"

"Hakuna, Shosho. Nimekuona tu." Kisha ikabidi aseme yote. "Nasari isipofunguliwa, mimi naacha shule nimlee huyu. Mama amesema. Na mimi nilidanganya mwalimu, nikasema upande huu wote ni watoto kumi. Afisa wa kaunti atarudi Ijumaa, na anataka kuonyeshwa."

Kicheko cha Shosho kilikwisha. Alifuta mikono kwenye leso yake. "Ati kumi? Kumi hata hapa kwangu..." Akajikamata kabla hajamaliza. "Kwa nini hukuniambia siku ile kwamba wewe ndiwe utakayetoka shule?"

"Niliogopa kukusumbua."

"Mtoto anaacha shule, halafu anaogopa kunisumbua," Shosho alisema, kama anayemsemea mtu mwingine. "Vikombe havina kosa lolote. Vikombe nitahesabu, na wenzangu wa kanisani watahesabu vyao. Mwambie Wambugu atoe mabenchi nje siku hiyo ya Ijumaa."

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito, na kwa muda hapakuonekana mtu. Kisha mashosho walianza kutokea kwenye njia ya msituni wakiwa na vikapu. Walipanga vikombe kwenye benchi mbele ya chumba cha chekechea: vya plastiki, vya bati, kimoja kisicho na mkono. Benchi moja likajaa, la pili likajaa, la tatu likaletwa. Na kwa kuwa mtoto wa miaka minne haachi kikombe chake kiende peke yake, watoto nao walikuwa nyuma, kila mmoja akilinda chake. Wengine hata Watiri hakuwahi kuwaona.

Bi. Wakiuru alishuka kwenye gari, akayatazama mabenchi. Shosho Wamucii alimwendea.

"Hesabu vikombe, mama," alisema. "Watoto wetu uwaache."

"Mimi pia nimezaliwa Nyeri, Shosho," afisa alijibu. "Naelewa." Alipita mbele ya mabenchi akigusa kila kikombe kwa ncha ya kalamu, bila kumnyooshea mtoto yeyote kidole. Alipofika mwisho alimgeukia Mwalimu Wambugu. "Hawa hawawezi kwenda Endarasha. Wanahitaji mwalimu hapa."

Mwalimu wa chekechea alikuja muhula uliofuata. Watiri alikuwa ametumaini kwa siri kwamba atakuwa Magdaline, lakini Magdaline alikuwa ameshazoea Nanyuki, akatuma salamu tu. Aliyekuja ni kijana aitwaye Muchiri, mwenye koti kubwa la mvua na sauti ndogo. Watoto walimzunguka kabla hajaweka begi chini. Mburu aliachia mkono wa dada yake, akaingia, wala hakugeuka.

Watiri alibaki mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, na kilio hakikuja, na sasa hakujua afanye nini na mikono yake. Mwalimu Wambugu alimkuta hapo.

"Unamngoja nani?"

"Nilidhani atalia, Mwalimu."

"Halii. Wewe ndiwe unayetaka kulia." Alitabasamu, kisha akawa makini. "Watiri, usisahau jambo hili. Serikali haileti mwalimu kwa mtoto ambaye haijui kama yuko. Ni kazi yetu kuionyesha, na kuionyesha kwa ukweli. Ukikisia kwa niaba ya watu, wao ndio wanaokosa, si wewe peke yako. Kutojua si kosa. Kosa ni kujifanya unajua. Ulipokubali hujui, ukarudi kuuliza kwa njia nyingine, ndipo mlango huu ulipofunguliwa. Haya, twende darasani."

Walikuwa bado kwenye hesabu za sehemu. Watiri alikaa kwenye dawati lake, miguu ikiwa na nafasi yote chini, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliona ubao wote. Hakuelewa hata mstari mmoja. Wenzake walikuwa wamekwenda mbali bila yeye, na moyo ulimuuma kwa siku zote zile za dirishani.

"Kuna ambaye hajaelewa?" Mwalimu Wambugu aliuliza.

Wenzake walitazama madaftari yao. Watiri aliinua mkono.

"Mimi, Mwalimu. Sijui hata pa kuanzia."

Mwalimu Wambugu alichukua kifutio, akafuta ubao wote, akaanza upya.