Njia Nyuma ya Uwanja wa Mazoezi

Jumamosi, tarehe 10 Mei 2025. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yamekatika, lakini ukungu ulikuwa bado umeifunika milima ya Uluguru. Shadya alisali alfajiri, akaomba dua yake, kisha akafuatana na mama yake, mpishi wa klabu ya gofu, kwenda kazini.

Dua yake ilikuwa fupi: "Ee Mola, nipatie mwenzangu." Tangu rafiki yake Yasmin ahamie Dodoma, Shadya alikuwa mtoto pekee aliyecheza gofu pale. Shuleni, huko Kihonda, wenzake walimtania, "Nenda kacheze na miti yako!" Alicheka nao. Lakini jioni, alipopiga mpira na kwenda kuuokota mwenyewe, maneno hayo yalimrudia.

Siku hiyo alikuwa na tumaini. Bwana Oscar alikuja kutoka Dar es Salaam kukagua kama klabu inafaa kwa mashindano ya watoto. Ikifaa, darasa la gofu la watoto wa Morogoro lingeanzishwa pia.

Bwana Oscar alipapasa nyasi. Alichokoa mchanga uliotandazwa kuwatega wachezaji. Alisukuma mpira taratibu kuelekea shimo, nao ukapinda upande wa mji.

"Mbona umekimbilia mjini?" alishangaa.

"Huku kila kitu kinaukimbia mlima, hata maji," alijibu Mzee Twalibu, katibu wa klabu. Wakacheka.

Mwisho walifika kwenye uwanja wa mazoezi. Bwana Oscar aliitikia kwa kichwa, ameridhika, mpaka alipoona njia ya miguu nyuma ya matete.

"Na njia ile?"

"Ya zamani," Mzee Twalibu alisema haraka. "Siku hizi hapiti mtu."

Bwana Oscar akamgeukia Shadya. "Wewe ndiye mwenyeji hapa. Ni kweli?"

Shadya aliyageukia matete. Kila siku kina mama wa milimani walishuka na ndizi kwa njia ile kwenda sokoni. Kabla ya kufika kwenye kona waliita, "Hodi, wapigaji!" Naye Shadya aliteremsha fimbo yake ya gofu mpaka wa mwisho apite. Akiwa peke yake aliwasikia daima. Je, kundi la watoto wageni wakipiga kelele na mipira kwa pamoja, nani angesikia?

Mzee Twalibu alimtazama kwa macho ya kumsihi. Neno moja tu, na Shadya angepata wenzake.

"Wanapita," alisema polepole. "Wanapita kila siku. Nisamehe, babu." Akaeleza yote.

Bwana Oscar alifunga kalamu yake. "Basi siwezi kuupitisha uwanja huu."

Shadya alisogea pembeni, akasimama peke yake, akilia bila sauti.

Punde wito ulisikika kutoka kwenye kona. "Piteni!" Shadya alijibu. Bibi Chausiku akatokea, tenga la ndizi kichwani, wenzake wakimfuata.

"Mjukuu wangu, mbona leo sauti imekauka?"

Shadya alifuta machozi. Bwana Oscar aliwasalimu, akauliza kama mpira umewahi kuwafikia.

"Mmoja ulitua ndani ya tenga langu hili," alisema Bibi Chausiku. "Nikafika nao sokoni, mteja akaniuliza ni tunda gani!"

Wenzake waliangua kicheko. Mzee Twalibu hakucheka. Alilitazama tenga, akamtazama yule bibi kichwani, kisha akageuka kuliangalia korongo upande wa pili.

"Tukihamisha mahali pa kusimama," alisema, "watoto watapiga kuelekea korongoni. Huko hakuna njia."

"Mkifanya hivyo nitarudi kukagua upya," alisema Bwana Oscar.

Mzee Twalibu alimwendea Shadya. "Mjukuu wangu, mimi nilitazama nyasi tu. Uwanja mzuri ni ule ambao hata anayepita nje yake yuko salama. Na ukweli, hata ukikupotezea unachokitamani, useme. Mungu hamtupi msema kweli."

Kisha akawageukia wengine, akavua kofia.

"Bwana Oscar, na nyinyi kina mama, mnisikie. Mimi Twalibu naahidi: hakuna mpira utakaopigwa tena kuelekea njia hii. Na mpaka watoto wengine waje, kila jioni nitacheza na Shadya mimi mwenyewe, na magoti yangu haya mabovu."