Ubao wa Mto Willuna

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, Tilda Kangas alikuwa na kazi moja. Alivaa buti za mpira, akachukua tochi na kwenda darajani kutazama kimo cha mto Willuna. Nguzo ya daraja ilikuwa imeandikwa namba nyeupe, kuanzia futi moja hadi kumi na tano. Tilda aliinama juu ya ukingo, akamulika chini, akasoma mahali maji yalipofika. Kisha alirudi na kuandika kwa chaki kwenye ubao ulioning'inia nje ya duka la chambo la shangazi yake, Lempi. Aliandika kimo cha maji na rangi yake.

Tilda alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mwanzo wa Desemba aliishi na shangazi nyuma ya duka hilo, kwa sababu baba yake alikuwa baharini akivua kaa.

Mji mzima wa Carrow ulikuwa unasubiri. Stilhedi, wale samaki wakubwa wa jamii ya trauti, wa rangi ya fedha, ambao hutoka baharini majira ya baridi ili kutaga mtoni, walikuwa wameshafika mlangoni mwa mto. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Mto ulikuwa umefura, maji yake kama chai ya maziwa, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angeingiza mashua humo. Ilibidi maji yashuke hadi futi tano na nusu na rangi igeuke kijani. Hapo samaki angeweza kuiona ndoana, na mvuvi angeweza kuliona gogo linalomjia.

Mteja asiyekosa dukani alikuwa Mzee Haglund, mvuvi wa miaka sabini na mbili mwenye mashua ya makasia. Alikuja na mjukuu wake Britta, aliyesoma darasa moja na Tilda. Mwaka huo Britta angeingia mashuani kwa mara ya kwanza.

"Haya, binti wa ubao, mto unasemaje leo?" mzee aliuliza siku ya Jumatano.

"Futi saba, Mzee. Bado tope."

"Ndoana zangu nimezinoa mpaka karibu ziishe. Na huyu mwenzako analala na fimbo yake ya kuvulia kitandani."

"Babu, usinisingizie," Britta alisema. "Naiweka chini ya kitanda."

Ijumaa asubuhi mvua iliyochanganyika na barafu ilimpiga Tilda usoni mara tu alipofungua mlango. Alisimama kizingitini. Mto ulikuwa unashuka nusu futi kila siku, akawaza, kwa hiyo leo utakuwa futi sita. Akaandika, "Futi sita. Maji yanaanza kusafika," akarudi ndani kuota moto.

Jioni mvuvi mmoja aliyetoka darajani alimwambia, "Ubao wako hausemi uongo. Ni sita kamili." Tilda akajiona mjanja.

Jumamosi upepo ulikuwa mkali zaidi, na blanketi lilikuwa na joto. Aliamka kwa shida, akatoka na koti juu ya nguo za kulalia, akaandika, "Futi tano na nusu. Kijani." Kisha akarudi kulala. Alijua kwamba hayo ndiyo maneno ambayo kila mtu alikuwa akiyangoja, lakini wakati ule alichofikiria ni kitanda tu.

Alipoamka tena, shangazi alikuwa anakata mkate mtamu wa iliki kwa ajili ya wateja.

"Umelala kama gogo," shangazi alisema. "Wavuvi wamepita hapa kama nyuki. Haglund na Britta wamekwenda kwenye mteremko wa juu kushusha mashua."

Mlango ukafunguka. Aliingia Orville, dereva wa lori la magogo, koti lake likichuruzika maji.

"Nipe kahawa, Lempi. Huko milimani kumenyesha usiku kucha na theluji yote imeyeyuka. Mto unapanda kama maziwa jikoni. Nimeona mti mzima unapita, na mizizi yake juu."

Shangazi alitazama ubao kupitia dirishani, kisha akamgeukia Tilda. "Ulikwenda darajani saa ngapi?"

Neno "mapema" lilikuwa tayari mdomoni mwa Tilda. Ingekuwa rahisi kulisema. Mto unaweza kupanda baada ya mtu kuupima. Lakini akilini alimwona Britta amekaa mashuani, akashindwa.

"Sikwenda, shangazi. Nilikisia."

Shangazi aliweka kisu chini akachukua funguo za pikapu. Simu hazikushika kwenye bonde lile, kwa hiyo ilibidi waende wenyewe.

Njiani aliuliza swali moja tu. "Na jana?"

"Jana pia."

Kwenye mteremko wa juu bado kulikuwa na giza la alfajiri na ukungu. Mashua ilikuwa imeshaingia majini nusu. Britta alikaa mbele akiwa amevaa jaketi jekundu la kujiokolea, na Mzee Haglund alishika kamba. Nyuma yake wanaume wawili walisubiri zamu. Tilda aliteremka kabla pikapu haijasimama vizuri.

"Mzee Haglund, usishushe mashua. Namba ile si ya kweli. Sikwenda darajani."

Mzee alimulika mto kwa tochi. Mbele ya macho yao, povu la kahawia lilikuwa likikimbia. Alimwambia Britta ashuke, naye akashuka. Muda si mrefu mti mkubwa ulitokea kwenye ukungu, mizizi yake ikizunguka polepole, ukapita mahali pale pale ambapo mashua ingekuwa. Britta aliushika mkono wa koti la babu yake.

"Kwa hiyo tumekuja hadi huku gizani kwa sababu ya ndoto ya mtoto," mmoja wa wanaume alisema.

"Mimi na babu tungekufa," Britta alimwambia Tilda, "kwa sababu wewe uliona baridi."

"Ndiyo. Nimekosa. Nisameheni."

Mzee Haglund alikuwa anaivuta mashua nchi kavu. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Tilda kuliko makaripio. "Macho yangu si ya zamani," alisema. "Gizani siioni rangi ya maji. Ndiyo maana nilikuwa nautegemea ubao."

Waliporudi dukani Tilda alifuta maneno yake, akabaki na chaki mkononi. "Niandike nini?"

"Unachokijua," shangazi alisema.

"Sijui chochote."

"Basi andika hicho."

Tilda akaandika, "Leo hatujapima." Kisha alikwenda darajani kwenye mvua. Maji yalikuwa futi nane na nusu. Aliporudi aliiandika namba hiyo, kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ni nani atakayepewa kazi ile.

"Wewe uliyeichafua ndiye utakayeisafisha," shangazi alijibu.

Haikuwa rahisi. Wavuvi walisoma ubao, kisha wakatembea wenyewe hadi darajani kuhakikisha. "Leo umesoma au umeota?" walimuuliza, naye akawarudia namba aliyoisoma. Ndani ya basi Britta alikaa kiti kingine. Lakini siku ya nne alikuwa anamsubiri Tilda darajani, mikono mfukoni.

"Sijaja kukusalimia. Nimekuja kuhakiki."

"Haya. Shika tochi."

Waliinama pamoja. Britta alisema futi saba, Tilda akasema saba na robo. Walibishana mpaka vidole vikafa ganzi, wakatazama tena, ikawa saba na robo. Kesho yake Britta alikuja tena, na keshokutwa.

Kufikia Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imekoma kwa siku kadhaa. Maji yalikuwa futi tano na nusu, kijani. Tilda aliyasoma mara mbili kabla ya kugusa chaki. Mzee Haglund alisimama mbele ya ubao, akasoma, akaenda moja kwa moja kufunga trela ya mashua. Hakupita darajani.

"Mnangoja nini nyinyi wawili?" aliita. "Vaeni majaketi."

Kabla ya adhuhuri fimbo ya Britta ilipinda. Baada ya vuta nikuvute ndefu, stilhedi mrefu kama mkono wa mtu mzima alifika kando ya mashua. Pezi lake dogo la mgongoni lilikuwa zima, halijakatwa kama la samaki wanaofugwa kisha wakaachiwa mtoni. Basi alikuwa samaki wa mto wenyewe, si wa kufugwa, na sheria ilitaka aachiwe. Tilda alimshika mkia majini mpaka samaki akapata nguvu, akachomoka na kutoweka.

Mzee Haglund alimtazama Tilda akikausha mikono.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Ukikisia ukapatia mara moja, unadhani utapatia siku zote. Mtu akikuamini, ameazima macho yako. Kama hukuona, mwambie hukuona. Neno 'sijui' halijawahi kumzamisha mtu."

"Nimeelewa, Mzee."

"Vizuri. Sasa chukua fimbo. Ni zamu yako."