Mkanda Ulioshonwa kwa Uzi wa Mashati

Ninyi mnaoishi na wazee wenu nyumba moja, nawaomba mnipe muda kidogo. Haya ninayoyaandika yalitokea kwetu, na mmoja wa waliokosea ni mimi.

Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, na uani kuna karakana ya baba. Tangu nikiwa mdogo, asubuhi ilianza kwa mlio wa cherehani yake: du, du, du, taratibu, kama mtu mnene anayepanda ngazi. Baba alikuwa fundi wa ngozi. Watu walimwita Fundi Nta, kwa sababu kila uzi aliupitisha kwanza kwenye donge la nta ya nyuki, na vidole vyake vilinata hata akiwa mezani. Mama alipenda kumtania: "Ukinishika mkono leo, itabidi nibanduliwe kwa msasa." Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika, na sisi watoto tukacheka kwa sababu yeye amecheka.

Kazi yake kubwa ilikuwa mikanda ya mafundi wa umeme. Ni ile mikanda mipana wanayoizungusha kiunoni na kwenye nguzo, kisha wakaegemea nyuma na kuachia mikono yote miwili wapate kufanya kazi kule juu. Mshono ukiachia, mtu amekwenda. Kwa hiyo baba alikuwa na utaratibu wake. Katikati ya karakana kuna nguzo inayobeba paa, naye aliipigilia vigingi viwili vya kukanyagia. Kila mkanda aliomaliza kushona aliuvaa mwenyewe, akauzungusha kwenye nguzo ile, akapanda vigingi, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote na kuhesabu mpaka mia. Mkanda ambao fundi wake hajauegemea haukutoka mlangoni. Mpaka leo nguzo ile ina sehemu iliyolainika na kung'aa, upana wa mkanda mmoja.

Masikio yalimwacha baba kidogo kidogo. Mwaka nilioolewa, alikuwa hasikii hata mlio wa cherehani yake mwenyewe. Aliujua kwa mtikisiko wa meza. Lakini hakuwa mpweke, maana mama alijua namna ya kuongea naye. Aliingia karakana, akamgusa bega mara mbili, akasimama penye mwanga wa dirisha na kutamka maneno polepole. Baba alimtazama mdomo na kuelewa kila kitu, hata umbeya wa mtaani. Alipojibu alipaza sauti kupita kiasi, na majirani wakazijua siri zetu zote.

Kisha mama akafariki.

Mimi na mume wangu tulihamia kwa baba ili asibaki peke yake. Ndivyo tulivyowaambia watu, na ndivyo tulivyoamini. Siku za mwanzo nilijaribu kumgusa bega na kusimama penye mwanga. Lakini inachukua muda, jamani. Una chungu jikoni, una nguo kwenye beseni, na neno moja unalirudia mara tatu. Nikaanza kufupisha. Baadaye nikawa naonyesha kwa mkono tu: kula, lala, toka. Mwisho nikawa naweka sahani ya chakula mbele ya mlango wa karakana, nagonga mara mbili, naondoka.

Nilikuwa nagonga mlango wa mtu asiyesikia. Miaka minne, na sikuwahi kuliona hilo.

Kaka yangu alifanya kazi na baba, ila kwa mwendo mwingine. Vijana wa mtaa walimwita Fasta, na jina lilimfurahisha. Alipopata kazi ya kushona mikanda thelathini ya mafundi wa umeme, wa kikosi anachofanyia kazi mume wangu, alisema cherehani ya baba itamzeesha kabla hajamaliza. Akaleta ya umeme, ya kushonea nguo. Ilikuwa nyeupe, ina taa yake ndogo, na ilikimbia kama panya kwenye dari.

Nilikuwepo siku hiyo, naanika nguo uani. Baba alichomoa sindano ya mashine ile mpya na kuipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Hii ni ya nguo," alisema, na nadhani alisikika mpaka barabarani. "Ncha yake ya mviringo. Inapenya kwa kusukuma nyuzi za kitambaa pembeni. Ngozi ina nyuzi gani za kusukuma? Ngozi inataka sindano yenye ncha ya kukata, kama kisu kidogo."

"Sawa, mzee," alijibu kaka, amempa mgongo.

"Na uzi?"

"Uzi upo."

"Unasema?"

Kaka alipunga mkono tu bila kugeuka. Baba alisubiri kidogo, sindano ikiwa kiganjani, kisha akairudisha mezani na kwenda kukaa kwenye kigoda chake.

Nilichokuja kukijua baadaye ni hiki. Uzi wa baba, ule mnene wa nailoni, haukupita kwenye tundu la sindano ile. Sindano nene iliyoweza kuupokea haikuingia kwenye mashine ile. Kaka akachukua uzi wa kushonea mashati. Mkanda nao ukagoma kupita chini ya mguu wa mashine, kile kichuma kinachokandamiza nguo, akaichuna ngozi kwa nyuma ikawa nyembamba, tena palepale inaposhonewa pete ya chuma ya kufungia mkanda. Na kwa kuwa uzi ulikuwa mwembamba, alibana mishono ikae karibu karibu, akiamini ndiyo uimara. Kwenye shati angekuwa sahihi. Kwenye ngozi kila mshono ni tundu, na matundu yakikaribiana unakuwa umechora mahali pa kuchanikia, kama tiketi. Nguo ukikosea unafumua na kushona upya. Ngozi haikupi nafasi hiyo.

Mikanda kumi na mmoja ikatoka. Hakuna aliyeegemea hata mmoja.

Mume wangu alikuja na wake jioni moja, akautundika kwenye msumari karibu na mlango. Kaka alikuwa amekuja kunywa chai.

"Shemeji, umeuonaje?"

"Unang'aa, shem. Mpaka naogopa kupanda nao nguzo, nitaambiwa nimevaa wa harusi."

Tukacheka. Baba akaingia kutoka uani kunawa mikono, akauona. Akaupapasa kwa kidole gumba, polepole, na alipofika kwenye pete kidole kikasimama.

"Huu nani kauegemea?"

Kaka akajiongezea chai.

"Nauliza, nani kauegemea huu?"

"Mzee ameanza," nilimwambia mume wangu.

"Wivu huo," kaka akasema, macho kwenye kikombe. "Ameona mashine yake imepitwa."

Baba alitutazama midomo mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefukuza kuku watatu kwa mpigo. "Mnasemaje?"

"Hakuna kitu, baba," nikatamka. "Nenda kapumzike."

Nikihesabu maneno niliyomwambia baba baada ya mama kuondoka, hayo mawili, "hakuna kitu", yatazidi mengine yote.

Asubuhi yake mkanda haukuwepo kwenye msumari.

"Babako kauchukua," mume wangu alisema, amevaa kiatu kimoja. "Mke wangu, huyu mzee anarudi utotoni. Leo mkanda, kesho atanificha suruali."

"Vaa ule wa zamani, utachelewa. Nitamnyang'anya baadaye."

Akatoka na mkanda wake wa zamani, ambao baba alimshonea mwaka tuliooana, akinung'unika mpaka getini. Nami nikapanga kwenda karakana nikimaliza kufua. Nikafua, nikapika, nikasahau.

Saa saba mchana nilipeleka sahani. Nikaiweka mlangoni, nikagonga mara mbili. Ndani nilisikia sauti ya baba, ya chini kuliko kawaida yake: "Huu haufai. Njoo uone. Njoo uone."

Alikuwa na tabia ya kuongea na cherehani yake. Nikajua ni hayo.

"Haya, baba!" nilijibu kupitia mlango uliofungwa, nikarudi jikoni.

Wasomaji wangu, ningeweza kuiruka sehemu hii. Naiandika kwa sababu sentensi ile, "Haya, baba", ndiyo inayonikosesha usingizi mpaka sasa.

Mume wangu aliporudi jioni alipitia uani. Akaikuta sahani palepale, siafu wamejipanga mpaka kwenye wali. Akaniita jina langu kwa namna ambayo hajawahi kuniita.

Baba alikuwa amelala sakafuni chini ya nguzo, mguu mmoja umegeukia kusikostahili. Kiunoni bado alikuwa na mkanda ule mpya. Pete ilikuwa imenyofoka na kipande cha ngozi, na ukingo wake una vijitundu vilivyopangana sawasawa, mstari mzima. Nyuzi za mashati zilikuwa zinaning'inia kama nywele. Alikuwa ameuvaa asubuhi ileile, akapanda vigingi viwili, akaegemea. Hakufika mia. Alianguka chali kwenye saruji, mfupa wa nyonga ukavunjika, akalala hapo kutwa nzima akituita, na hakuwa na njia ya kujua kama kuna anayemsikia.

Mume wangu alipiga magoti mbele yake, usoni pamejaa mwanga wa mlangoni. Baba akamtazama.

"Leo umepanda na upi?"

"Wa zamani, baba. Ule wako."

"Vizuri," alisema baba, akafumba macho.

Alikaa hospitali siku tisa. Siku hizo nilijifunza upya kumgusa bega mara mbili na kusimama upande wa dirisha. Tukaongea zaidi kuliko miaka minne iliyopita. Aliniuliza habari za majirani, na kwa kuwa alijibu kwa sauti kubwa, wodi nzima ikajua nani amegombana na nani. Muuguzi mmoja akawa anakuja kusimama karibu makusudi apate mwendelezo.

Kaka alikuja siku ya tatu. Alisimama miguuni pa kitanda. Baba akamwonyesha asogee penye mwanga.

"Unaanza na ngozi," alimwambia. "Unaishika, unajua unene wake na kazi yake. Ngozi inakwambia uzi. Uzi unakwambia sindano. Mashine ni ya mwisho. Wewe ulianza na mashine."

"Nisamehe, baba."

"Mikanda mingine iko wapi?"

Kaka hakukaa. Alizunguka vituo vyote vya mafundi wa umeme siku ile na iliyofuata, akaikusanya yote kumi, akaikata kwa kisu mbele ya wenyewe. Wengine walimtukana, mmoja alimpiga kofi. Alirudi hospitali kumwonyesha baba vipande vyake. Baba akavihesabu, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya tisa nilimgusa bega mara mbili, hakugeuka.

FUNZO

Ndugu zangu, aliyechanganya uzi, sindano na mashine visivyoendana ni kaka yangu, na alikosea. Vijana mlioko kwenye ufundi, msikimbilie mashine kabla ya kuijua kazi, na msimpe mtu kitu ambacho ninyi wenyewe hamjathubutu kukiegemea.

Lakini baba alikuwa ameyasema yote hayo mapema, tena kwa sauti iliyofika barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa haisikii dunia, na sisi wenye masikio mazima ndio tulioshindwa kusikia. Tulimlisha, tukamfulia, tukajiona watoto wema. Mzee anaweza kushiba kila siku na bado akawa ametupwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, hatua kumi kutoka jikoni.

Siku hizi kaka anashonea cherehani ya baba. Nikiwa jikoni nasikia du, du, du, kisha kimya, nami najua yuko kwenye nguzo anahesabu. Sipumui vizuri mpaka afike mia.

Kama kwako yupo mzee asiyesikia, usigonge mlango wake ukaondoka. Ingia.