Nyota Juu ya Paa la Nashipae

Kila alfajiri Nashipae alifukua majivu, akachochea moto wake, kisha akatazama njia. Zamani majirani wa Engutoto walikuja kwake na vigae kuomba kaa la moto. Sasa huu ulikuwa mwezi wa pili, na hakuna aliyekuja.

Enzi hizo Wadachi, yaani Wajerumani, walitawala Arusha. Mume wa Nashipae alikuwa amefariki, nao hawakujaliwa mtoto. Juma lile lile alilofariki, nyota ngeni, yenye kung'aa sana, ilionekana upande wa mlima Meru. Hakuna mzee aliyepata kuiona kabla. Wanawake walioteka maji mferejini jioni waliitazama, wakasema, "Imesimama juu ya paa la Nashipae." Tangu hapo wakamkwepa kama mwenye mkosi.

Saning'o, kaka wa marehemu, akakata shauri. Mwezi ukiandama, mjane huyo arudi kwa baba yake, aiache nyumba na migomba.

Nashipae akamwendea Solomoni, mwalimu wa misheni.

"Mwalimu, nyota hii inanitaka nini?"

"Wewe uliitazama kutoka wapi?"

"Mferejini, kama wote."

"Na uani kwako je?"

"Ninaogopa. Jua likishuka ninafunga mlango."

"Leo usifunge."

Jioni Solomoni alisimama mferejini pamoja na Saning'o na mkewe, Nalepo.

"Nyota iko juu ya nyumba ya nani?" aliuliza.

"Ya Nashipae. Hata mbuzi wangu anajua hilo," alijibu Nalepo.

Wakapanda hadi uani kwa Nashipae. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, peke yake.

"Na sasa iko juu ya nyumba ya nani?"

Wote waliinua macho. Nyumba ya Saning'o ilikuwa mbele yao, juu zaidi mlimani. Nyota ilikuwa barabara juu ya paa lake.

"Imehamia kwetu?" aliuliza Nalepo kwa sauti ndogo.

"Haijahama, Nalepo. Mliohama ni ninyi. Kitu kilicho mbali mno huonekana juu ya kila paa lililo mbele yako."

"Basi ni kitu gani?" aliuliza Saning'o.

"Sijui. Na kwa jambo nisilolijua, simhukumu mtu."

Wataalamu wa siku hizi wanasema ya kuwa nyota nyingine huwaka ghafla, kisha hufifia. Zimeonekana hata katika makundi ya nyota ya mbali mno, yaliyojiviringa kama kata ya majani ya mgomba ambayo mama huiweka kichwani chini ya mzigo. Hazimjui mjane wala shemeji yake.

Mwezi uliandama. Hakuna aliyekuja kumhamisha Nashipae, wala hakuna aliyekuja kumsalimu. Nyota ilififia, hata juu ya mlima pakabaki giza. Naye aliendelea kuchochea moto wake na kutazama njia.

Alfajiri moja Nalepo alisimama mlangoni, kigae mkononi.

"Moto wangu umezimika," alisema, akitazama chini.

Nyuma yake, kule juu, Nashipae aliona moshi ukipanda kutoka katika paa la Nalepo. Aliinama, akamchagulia kaa kubwa.