Mwenye Maji Ukutani

Rangi ilikuwa mbichi. Marlene aliigusa kwa ncha ya kidole, akakitazama: kimelowa, cheupe, kwenye picha aliyoimaliza miezi mitano iliyopita huko jangwani, kwenye joto la kukausha mate mdomoni. Akajipangusa kwenye sketi upesi. Na humu ndani ya jumba la sanaa la Melbourne, lenye baridi ya mashine, palinuka mchanga ulionyeshewa mvua.

"Bibi, nina kiu," alisema mjukuu wake, Tarissa. Alishamaliza chupa ya nne ya maji, na wageni hata hawajafunguliwa mlango.

Marlene alijua kilichomshika; angekosaje kujua? Picha ile ni ya kisima cha ukoo wa baba yake. Mwenye ukoo huchora, lakini hachori peke yake. Mtoto wa shangazi, ndiye mlinzi wa kisima, hukaa kando yake akimwambia hapa funika, hapa ongeza, mpaka mwenye maji, jini wa kisima kile, azibwe barabara chini ya nukta za rangi. Asipozibwa hutoka, humwingia mtu wa damu ile ile, humtia kiu, kisha humzamisha kwa ndani. Mlinzi huyo ni binamu yake Dulcie. Ila Dulcie yuko mjini Alice Springs, mbali na kisima, kwenye mashine ya kusafisha damu siku tatu kwa wiki, na Philippa, mkuu wa jumba, alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuulizia picha. Marlene akaona, aah, nimekichora mara ngapi kisima hiki? Akamaliza mwenyewe.

"Philippa, itoe hiyo. Irudi nyumbani."

"Marlene mpenzi, ndiyo iliyo kwenye bango. Watu wote wanaifuata hiyo." Akatabasamu kama anayembembeleza mtoto.

Miaka nenda rudi watu wa jumba hili wameandika ukutani kwamba picha hizi ni hai. Leo wanaambiwa ni hai, hawasikii.

Milango ikafunguliwa. Wageni wakaingia na glasi zao, na katikati ya minong'ono yao Marlene akasikia nyayo zilizolowa, chap, chap, zikitoka ukutani na kupita kati ya viatu vyao vizuri bila hata mmoja kugeuka, zikija moja kwa moja hadi kwenye benchi alipokaa mtoto, ambaye alikohoa mara moja, akakohoa tena, na maji yakamtoka puani, mekundu kwa vumbi la kwao.

Akampigia Dulcie simu.

"Leo umenikumbuka, kikongwe?" Dulcie alicheka. "Nilidhani umeshaolewa na mzungu huko."

"Binamu, nimemaliza kisima bila wewe."

Mashine ya damu ikasikika ikilia taratibu nyuma ya Dulcie.

"Amemshika nani?"

"Tarissa."

"Mpumbavu wewe," Dulcie alisema polepole, na utani haukuwamo. "Weka simu kwenye picha. Nitamwita."

"Usimwite kwako. Mwambie arudi kisimani."

"Kisima kiko mbali, na mlinzi ni mimi. Mtoto ana miaka tisa, Marlene. Weka simu."

Akaiweka. Sauti iliyopasuka ikaanza kuimba, wageni wakasogea, wakanyamaza, wakainua simu zao kurekodi, na nukta zikakauka moja baada ya nyingine, harufu ikatoweka, Tarissa akavuta pumzi akasema ana njaa, huku wimbo ndani ya simu ukipanda, ukayumba, ukaanza kugugumia kama koo linalojaa, mpaka mashine ikapiga kelele na nesi akaita jina, akaliita tena, jina ambalo kwa desturi ya kina Marlene, kama la kila marehemu, halitatajwa tena.

Watu wakapiga makofi.

Philippa alikuwa akifuta machozi. "Nzuri mno. Kuna wageni wamechelewa. Muulize kama anaweza kurudia."

Marlene alimchukia, na akajichukia zaidi. Akaketi sakafuni akaanza kulia kilio cha msiba, kile cha kwao, na wageni wakamzunguka, wakarekodi hicho nacho.