Mashavu ya Mghoi

Niambie, wewe unayesikiliza. Mtu unayempenda akianza kufunga begi aende mbali, wewe hufanya nini?

Mghoi alikaa juu ya begi. Alikaa tu, kimya, kama jiwe lililovaa viatu.

"Toka hapo, mama," alisema Shangazi Wakesho. "Gambuti zangu hazijaingia."

"Begi limeshiba," alisema Mghoi.

Nje kulikuwa na ukungu. Kwao, juu ya milima ya Taita, ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi.

Shangazi alikunja sweta. Mghoi akaikunjua. Shangazi akaikunja tena.

Begi linajaa. Nyumba inapungua.

Shangazi Wakesho alisomea wanyama. Alisoma mpaka akavishwa joho, akapigwa picha, picha ikatundikwa ukutani. Halafu? Halafu hakuna. Picha imepata kazi, kazi ya kukaa ukutani. Shangazi hajapata.

Chini ya mlima, kwenye tambarare, kuna watoto wa tembo wasio na mama. Wageni hupanda ndege kutoka mbali kuja kuwashikia chupa za maziwa.

Shangazi huwatazama kutoka juu. Tembo huonekana wadogo kama njugu.

Sasa yeye naye anapanda ndege. Anaenda Afrika Kusini, kujitolea kulea makinda ya pengwini. Alianza kuingoja safari hii Mghoi akiwa bado hana meno.

"Pengwini ni nini?" aliuliza Mghoi.

"Ni ndege asiyeruka. Amevaa suti, na kutwa nzima anangoja."

"Anangoja kazi?"

"Anangoja samaki," alisema Shangazi.

Jana Shangazi alifanya mazoezi. Alimfunga kuku kwa taulo, akamshika kwapani, akampa dagaa mmoja. Kwaa, kwaa, alisema kuku. Siku nyingine Mghoi angecheka.

Begi linajaa. Nyumba inapungua.

"Hapa kwetu hakuna wanyama?" aliuliza Mghoi.

"Wapo tele."

"Sasa?"

"Kila ofisi wanataka uzoefu. Nikisema nipeni kazi nipate uzoefu, wanasema leta uzoefu tukupe kazi. Ni kama kuambiwa uoge kwanza, ndipo uonyeshwe maji."

Zzzip. Begi likafungwa.

Jioni Baba alikuja na kibuyu. Baba ni kaka yake Shangazi.

"Twendeni uani," alisema.

Kwao Taita, mtu hasafiri akiacha hasira nyumbani. Hasira iliyofichwa moyoni inaweza kumfuata msafiri na kumwangusha njiani. Kwa hiyo watu hutasa.

Kutasa ni hivi. Unajaza mdomo maji ya miwa. Unayapuliza nje, fyuuu, kama manyunyu. Unasema linalokuuma, nalo linatoka.

Baba alianza. Fyuuu. "Wakesho, nilinuna ulipomfunga kuku kwa taulo langu. Imetoka. Nenda salama."

Mama akafuata. Fyuuu. "Nilinuna kwa sababu unaniachia ng'ombe nimkamue peke yangu. Imetoka. Nenda salama."

Ikawa zamu ya Mghoi.

Mashavu ya Mghoi yalijaa. Yakawa mviringo. Kichwani alijiambia: hasira isipotoka, Shangazi haendi.

Watu wakangoja. Kuku akangoja.

Glu. Mghoi akameza.

"Umemeza?" aliuliza Baba.

"Ni tamu," alisema Mghoi.

Mama alificha cheko kwa leso. Shangazi hakucheka. Alikaa kizingitini.

"Basi hasira imerudi ndani," alisema. "Siendi. Siwezi kumwacha mtoto na hilo tumboni."

Zzzip. Begi likafunguliwa. Sweta ikatoka. Gambuti zikatoka.

Begi linapungua. Nyumba inajaa.

Mghoi aliingoja furaha. Haikuja.

Shangazi alichukua kitambaa, akafuta gambuti. Zilikuwa safi. Akazifuta tena. Swi, swi, swi.

Akatazama kule chini kwenye tambarare. Hakukuwa na cha kuona, ni ukungu tu. Akatazama hivyo hivyo.

Mghoi aliingia ndani. Sweta ilikuwepo. Begi lilikuwepo. Nyumba ilikuwa imejaa, lakini ilikuwa kimya. Akarudi nje, akakaa kando ya Shangazi.

"Shangazi, wale pengwini wanangoja?"

"Wanangoja."

"Kama wewe?"

Shangazi aliinamia gambuti. Swi, swi, swi.

Mghoi aliinuka, akamwendea Baba. "Nipe tena. Sitameza."

"Hakika?"

"Nitameza kidogo tu."

Mashavu yakajaa. Midomo ikatetemeka. Fyuuu. Maji ya miwa yakaruka mpaka magotini pa Baba.

"Shangazi, nimenuna kwa sababu unaenda na mimi nabaki. Imetoka." Mghoi alipangusa kidevu. "Nenda salama. Na urudi."

Shangazi alimkumbatia, akamkumbatia tena, na gambuti moja bado mkononi.

Safari hii Mghoi ndiye aliyekunja sweta. Aliikunja vibaya. Shangazi hakuikunja upya.

Zzzip.

Walilala kitanda kimoja, blanketi moja, miguu ya Mghoi ikiwa imepata joto kwenye miguu ya Shangazi.

"Shangazi. Imebaki nyingine."

"Hasira nyingine? Lala, mama."

"Hii si yako. Ni ya wale wakubwa wa ofisi za wanyama."

Shangazi alivuta blanketi. "Ya hao hata mimi ninayo," alisema. "Haya, iseme, kisha ulale."

Mghoi aliketi kitandani. Aligeukia dirisha, kule chini kuliko na tembo na wakubwa wao.

Hakuwa na maji ya miwa. Hakuyataka.

"Nyinyi wakubwa," alisema Mghoi. "Shangazi yangu anaenda kulea ndege wa watu. Akirudi, msimuulize uzoefu. Mpeni kazi, hapa nyumbani. Hasira yenu ninayo, na siitoi. Mpeni kazi kwanza."